Mama Masjala na Kitufe cha Kurudi

Neno la kwanza aliloniambia kuhusu kazi yangu lilikuwa swali. Alikuwa ameishika simu yangu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa bakuli la uji wa moto, na programu niliyoiandika kwa miezi minne ilikuwa wazi mbele yake. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Skrini moja ikafungua nyingine, hiyo ikafungua ya tatu. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa natokaje?"

Nikamwonyesha kishale cha juu, upande wa kushoto. Akakibonyeza, na programu ikamtupa hadi ukurasa wa kwanza kabisa.

"Mimi sikutaka kwenda nyumbani," akasema. "Nilitaka kurudi nilipotoka."

Tulikuwa watu watatu tu katika ofisi ile ya ghorofani, Iringa mjini: mwenye ofisi, mwenzangu aliyeshughulikia mitambo, na mimi niliyetengeneza skrini. Yeye alikuja akiwa wa nne. Mwenye ofisi alimwajiri apokee wageni na simu, baada ya kustaafu masjala ya ofisi moja ya serikali. Masjala ni chumba cha mafaili. Humo ndimo alimokaa maisha yake yote ya kazi, na ndiyo maana hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Mama Masjala kwa mwenye ofisi, kwa wauza duka wa chini, hata kwa mchungaji wake kule Kihesa.

Siku ile nilidhani nimempata mzee wa kumfundisha simu. Ilinichukua kama mwezi kuelewa kwamba mwanafunzi ni mimi.

Yeye hakujua kuandika mstari hata mmoja wa programu, na hakutaka kujua. Alichojua ni mwendo. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa ameona karatasi zikitoka mezani kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, zikikaa, zikirudi, zikipotea. Faili likitoka masjala aliandika limekwenda kwa nani, kwa ajili gani, na linatazamiwa lini. Likirudi, alilifungua aone kama karatasi ya mwisho iko juu. Aliniambia kwamba bosi mpya akiletwa ofisini, kosa lake la kwanza huwa kudhani kazi iko kwenye meza. "Kazi iko kati ya meza na meza," alisema. "Hapo katikati ndipo watu wanapoumia."

Alikuwa na bahasha za kaki zilizotumika, rundo zima, ambazo alizikusanya popote alipozikuta. Kila nilipomaliza skrini alichukua bahasha, akachora juu yake kwa kalamu ya wino mambo matatu au manne yaliyomo, halafu akaiweka mezani. Skrini ya pili juu ya ile ya kwanza. Ya tatu juu ya hiyo. Nikamwambia, kwa mshangao, kwamba ndivyo simu yenyewe inavyofanya: kila skrini inayofunguliwa inalazwa juu ya iliyotangulia, na kitufe cha kurudi kinaondoa ya juu tu. Hakushangaa hata kidogo.

"Sasa ungeziweka wapi pengine?" akauliza.

Kisha akaanza kuzicheza. Alijifanya mtumiaji. Anajaza fomu, simu inaita, anapokea, anamaliza kuongea: atajikuta wapi? Aliyoyajaza yapo? Ameingia kwenye orodha, akashuka hadi jina la arobaini, akalifungua, akarudi: atarudishwa kwenye jina la arobaini au la kwanza? Ameletwa na ujumbe uliotokea juu ya simu, akafika moja kwa moja skrini ya ndani kabisa: akibonyeza kurudi, anakwenda wapi wakati hakupita mlangoni?

Hilo la mwisho nilimjibu kwamba programu itafunga tu.

"Aliyeingizwa na ujumbe naye ni mgeni," akasema. "Mwonyeshe sebule iko wapi."

Nilirudi kwenye meza yangu na kazi ya wiki mbili. Nilikuwa nimesoma chuo, nimefaulu vizuri, na mama mwenye sweta ya kufuma alikuwa ameitoboa programu yangu kwa bahasha. Sikuona aibu, na hilo linanishangaza mpaka leo. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akipita barabara moja kila siku, kisha akaonyeshwa kwamba pembeni yake kuna mto.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa na mpangilio katika kila kitu. Mkoba wake ulikuwa balaa. Humo alitafuta miwani akiwa ameivaa, akatoa vitunguu, nusu ya kitabu cha nyimbo, chaja ya simu aliyokwisha kuigawa. Stendi mpya ya mabasi ilimshinda. Mara mbili tulimfuata baada ya kupanda gari la kwenda kusiko kwake. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na masika yakifika alikunywa ulanzi, ule wa kugemwa kwenye mianzi, bila kificho, akitueleza kwamba ule wa asubuhi bado ni mtamu na hauhesabiki kuwa pombe. Akinywa wa jioni alituambia ule wa asubuhi ulichelewa. Na simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe. Mwenye ofisi alipompa ya kisasa, aliitumia kutupimia kazi zetu, akaifungia kwenye droo kila alipotoka. Mambo yake aliyaandika kwenye kaunta buku.

Wala hakuwa mpole. Wageni waliopandisha sauti aliwaacha wasimame hadi waishushe. Mimi aliniita "binti" nikiwa nimefanya vizuri, na "msomi" nikiwa nimeboronga. Siku aliponiita "msomi" mara tatu kabla ya chai nilitamani kurudi kwetu.

Sasa niseme lililotokea wilayani Kilolo.

Tulipewa kazi ya kutengeneza programu ya rufaa za wajawazito. Nesi wa zahanati ya kijijini anapoona mama anahitaji kupelekwa hospitali, anajaza fomu kwenye simu, anabonyeza Tuma, na huko hospitali mtu wa zamu anapeleka gari. Magari yalikuwa mawili. Nilizifanya skrini zote mimi.

Wiki tatu kabla hatujaikabidhi, Mama Masjala aliniwekea bahasha mezani. Orodha ya akina mama, chini. Juu yake fomu. Juu ya fomu, skrini ya kusema ombi limepokelewa. Akaitoa ile ya juu kwa vidole viwili.

"Akishatuma, akarudi nyuma, anaikuta fomu. Imejaa vilevile. Inabaki hapa kufanya nini?"

"Nitaiondoa, mama. Baadaye."

Aliandika kwenye kaunta buku lake. Mimi nikaendelea na rangi za vitufe.

Programu ilipokuwa imefanya kazi kama miezi miwili, nesi wa zahanati moja alituma rufaa siku ya mvua. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ujumbe wa kupokelewa ulitokea, ukapita, naye akabonyeza kurudi ili aende kwenye orodha. Akaikuta fomu. Imejaa, na kitufe cha Tuma chini yake kinamngoja. Akadhani haikwenda. Akaongeza na jina la ubini la yule mama, kwa uangalifu, ili safari hii isikwame, akatuma tena. Hospitali wakaona maombi mawili yenye majina yanayotofautiana kidogo, wakadhani ni wajawazito wawili. Magari yote mawili yakapanda barabara moja.

Upande wa pili wa wilaya mama mwingine alikuwa anangoja. Nesi wake alituma rufaa sahihi, ikapokelewa vizuri, na hakukuwa na gari. Ndugu zake walimpakia kwenye fuso iliyobeba viazi. Alijifungulia njiani, akavuja damu nyingi, akafikishwa kituo cha afya hana sauti. Alipona. Mtoto naye akapona. Lakini sisi tulipopigiwa simu ile asubuhi hatukuwa tumeambiwa mwisho wake. Tuliambiwa mwanzo tu.

Nilijua ni skrini ipi. Sikuhitaji hata kufungua kompyuta. Nikamtazama Mama Masjala nikingoja aseme kwamba aliniambia. Kaunta buku lilikuwa mbele yake, na ukurasa ule alikuwa anaujua. Alilifunga, akaliweka mkobani.

"Vaa sweta," akasema. "Tunakwenda Kilolo. Beba na hiyo kompyuta."

Tulifika kwanza zahanati ya yule nesi aliyetuma mara mbili. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba na nesi alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, karatasi magotini. Alikuwa ameagizwa aandike barua ya maelezo. Alikuwa ameandika tarehe tu.

"Kamwene," Mama Masjala akamsalimu kwa Kihehe, na nesi akaitika bila kunyanyua kichwa.

"Mimi sijui hizi simu, mama," nesi akasema. "Nilidhani nimekosea kubonyeza. Nikarudia. Sasa wanasema nilifanya uzembe."

"Tuonyeshe ulivyofanya."

Nesi akatuonyesha. Mama Masjala hakuangalia simu, aliangalia kidole gumba cha nesi. Kilikwenda chenyewe chini kushoto, kwenye kitufe cha kurudi cha simu yenyewe, kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya chumba ulichokizoea. Alimwambia arudie tena na tena, mara sita au saba, bila kumharakisha. Kisha akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nani amekosea?"

Nikasema ni mimi. Akasema nimwambie nesi, siyo yeye. Nikamwambia nesi. Nikamweleza kwamba baada ya kutuma, ile fomu haikutakiwa kuwapo kabisa, kwamba nilijua, kwamba niliambiwa nikasema nitaiondoa baadaye. Nesi akaikunja ile karatasi yenye tarehe.

Mama Masjala akatoa karatasi nyingine mkobani, kati ya vitunguu, akaniwekea kalamu. Niliandika barua kwa mkono, kwa mganga mkuu wa wilaya, nikisema kosa ni la skrini niliyoitengeneza mimi na si la nesi, na nikaeleza kosa lenyewe hatua kwa hatua. Yeye aliisoma. Alifuta maneno matatu tu. Nilikuwa nimeandika "kwa bahati mbaya".

Baadaye tukaenda kwa yule mama wa fuso. Alikuwa amerudi kwao, amelala upande wa ukuta wenye joto la jiko, mtoto ubavuni. Sikujua pa kuangalia. Mama Masjala alimpa pole, akamshika mtoto, akanipisha, nikaelewa kwamba kilichobaki ni changu.

Nilisema nilichokuja kusema. Yule mama alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kanga.

"Nilikuwa nasikilizia gari," akasema. "Kila ngurumo ya mvua nasema ndiyo hilo."

Akaiachia ile ncha ya kanga, akaniangalia.

"Umeshaitengeneza?"

"Bado."

"Sasa umekuja kufanya nini kwangu? Nenda katengeneze."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba maji yanachemka. Tukarudi zahanati, nikakaa sakafuni karibu na betri ya sola, nikafanya kazi hadi alasiri huku Mama Masjala na nesi wakimenya viazi. Ombi likitumwa, fomu inaondoka. Kitufe cha kurudi kinakupeleka kwenye orodha, na kwenye orodha unamwona mjamzito wako na maneno "limekwenda", au "linangoja mtandao", au "gari limetoka". Nesi akajaribu. Gumba likashuka kushoto. Orodha ikatokea na jina likiwa juu kabisa.

"Kumbe lipo," nesi akasema polepole.

Mama Masjala akaendelea na viazi. Lakini tulipokuwa tunaondoka aliniita "binti", na nililia ndani ya gari mpaka tukaufikia mteremko.

Kuanzia hapo sikuwahi tena kutoa skrini mikononi mwangu bila kuipitisha kwake, na watu wa ofisi nyingine wakaanza kuja. Walipanda ngazi na kompyuta zao wakidhani wanakuja kuona mtaalamu, wakakuta mama anayefuma, wakamwuliza mtaalamu yuko wapi. Nilimwona akimfanya mhandisi mmoja mwenye ndevu azunguke meza kwa miguu, kutoka bahasha hadi bahasha, ili aone mwenyewe kwamba skrini zake nne zinamzungusha mtu bila mlango. Yule mhandisi alizunguka mara tatu. Ya nne alikaa chini akasema anaomba maji.

Siku moja nilimwuliza alipataje jicho lile. Alisema hakuna jicho, ni kukaa dirishani miaka mingi na kuona nyuso za watu wanaoambiwa faili halionekani. Nilitaka aendelee. Hakuendelea. Alisema uzi wa sufu umemwishia, akashuka dukani, na siku ile hakurudi hadi tulipokuwa tunafunga.

Niliondoka Iringa nikapata kazi Mbeya. Tuliongea kwa simu, zaidi siku za Jumapili baada ya ibada. Aliacha kufanya kazi magoti yalipoanza kumsumbua. Miaka ilipita. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi simu yake ikaita nikiwa nafua.

"Niko stendi," akasema. "Hii yenu ya Mbeya. Nataka unisindikize Makongolosi."

Nilimkuta amekaa wima kwenye kiti cha muuza chai, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, amevaa viatu vya kanisani. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikamwuliza Makongolosi kuna nani. Akasema kuna mwalimu mmoja mstaafu. Njia nzima hadi tunaiacha Chunya hakusema jingine, na mimi nilimjua vya kutosha nisiulize.

Makongolosi kulikuwa na joto na vumbi la malori ya wachimbaji. Tuliuliza nyumba ya Mwalimu mara mbili, tukaipata nyuma ya duka la vipuri. Mama mmoja wa rika lake alikuwa amekaa barazani, chini ya bati, akichambua maharage kwenye ungo. Alitukaribisha kama wageni wowote. Mama Masjala hakukaa.

"Mwalimu, unanikumbuka?"

Mwalimu alimkazia macho. "Masjala," akasema mwishowe. "Iringa. Dirishani."

"Ndiyo mimi."

"Karibu kiti."

"Nikikaa sitasema." Alishika nguzo ya baraza. "Uliomba uhamisho uje huku. Mumeo alikuwa anaumwa."

"Ndiyo."

"Ulikuja dirishani mara tatu. Mara ya tatu nilikuambia barua bado. Ukaniuliza, dada, wewe una mume?"

Mwalimu aliacha kuchambua. "Niliuliza hivyo?"

"Uliuliza. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu tangu niachike. Faili lako lilikuwa limesainiwa. Lilikuwa mkononi mwangu, limebaki kuchapwa barua. Nikaliweka chini ya mengine. Nikasema angoje kidogo, apate adabu. Nilitaka siku mbili. Halafu likaletwa rundo jingine juu yake, nikasahau."

Lori lilipita. Tukangoja lipite.

"Ulisahau muda gani?"

"Wiki tisa."

Mwalimu aliangalia maharage. "Mume wangu alivuta wiki saba tu," akasema. "Alikuwa anamtuma mdogo wake barabarani kuangalia mabasi. Nimefika huku nimemkuta kaburi halijaota hata nyasi."

"Najua. Niliiona barua yako ya kuomba ruhusa ya msiba. Niliipa namba mimi, nikaiweka kwenye faili."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na geti na sikujua kama nina haki ya kusikia. Yule niliyekuwa nimemwona kwa miaka yote akisimama upande wa watu wanaopotea njiani alikuwa amesimama juani, viatu vya kanisani vimejaa vumbi, hajifuti jasho. Niliogopa kwa ajili yake. Na bado sijawahi kumwona mtu amesimama wima kiasi kile.

"Siku zile magari ya huku yalikuwa mawili kwa wiki," Mwalimu akasema. "Huenda hata ningepata barua mapema..."

"Usinisaidie, Mwalimu. Ungemkuta."

Mwalimu akachukua punje moja mbovu, akaitupa nje ya baraza. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi na nilijua gari la kurudi Mbeya halitangoja. Nikasogea, nikasema taratibu kwamba mama, inabidi twende. Mama Masjala alikuwa anamtazama Mwalimu.

"Wewe nenda," Mwalimu akaniambia. "Huyu bado sijamaliza naye."

Nilimtazama Mama Masjala nione kama anataka nimngoje. Alinipungia mkono niende. Nikalivuta geti nyuma yangu, na nikiwa bado nafunga komeo nikasikia kiti kinaburuzwa barazani, kisha sauti ya Mwalimu.

"Haya, kaa. Anza upya. Mara ile ya tatu nilikuwa nimevaa nini?"

"Gauni la bluu," Mama Masjala akasema. "Na sweta ya kijivu. Imetoboka kiwiko cha kulia."